Kondoo wa Kuosha Meli

Jumapili, tarehe moja mwezi wa saba 1962, siku Burundi walipopata uhuru wao, kamba ya chuma ilikatika bandarini Kalundu, kwetu Uvira, ikachukua mguu wangu wa kuume. Niliisikia ikiimba kwanza. Chuma kinene kama mkono kiliimba kama mama wa kanisani, kikaruka juu kikimetameta, na minye nikakitazama, nikasahau kukimbia.

Nilikuwa baharia, mtu wa Uvira, Kongo, kwenye meli ya Usumbura, Burundi. Miaka yote hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi. Asubuhi ile walipandisha bendera mpya, tukapiga makofi, na bila kusogea nikawa mugeni ndani ya meli niliyoipaka rangi mwenyewe. Mungu alihitaji siku sita kuumba dunia. Wakubwa wetu waliigawanya kabla ya chai.

Sasa, sisi watu wa ziwa, meli iliyokunywa damu ya mtu haisafiri bila kuoshwa. Ilifungwa pale hadi nilipotoka hospitali. Nahodha wetu Térence akaleta kondoo mweupe. Damu yake ikamwagwa majini, nyama akapika mke wangu Félicité. Nyumba ya aliyeumia ikikataa kula, imewatakia mabaharia kifo. Tukala. Félicité alinibeba mgongoni hadi ufukweni nione. Mabaharia walisimama majini mpaka kiunoni, na ziwa lililokuwa likipiga mawe tangu alfajiri likalala kama mafuta kwenye sahani.

Kisha akanibeba hadi biro ya leta, ofisi ya serikali ya Kongo, nilipwe mguu. Mkaguzi wa kazi, Norbert, alituuliza kwa upole kama wenye meli walitupa chochote. Félicité hakujua kuficha heshima aliyopewa. Akasema ndiyo, kondoo, tena alinona.

Norbert akacheka. "Mama, basi mulishalipwa. Bwana yako iko baharia wa meli ya inje, na benye meli walishatoa. Sheria hailipake kidonda kimoja mara mbili."

Huko Usumbura wenye meli walisema kamba ilikatikia kwenye maji ya Kongo, basi Kongo ilipe. Félicité akanipitisha mpaka wa Kavimvira mgongoni, kwenda na kurudi, tena na tena. Wabadilisha pesa walimpisha njia kama wanavyompisha padri aliyebeba sakramenti. Nilikuwa mwanaume mzima, na mgongo ule mwembamba haukutetemeka. Sijapata kuona nguvu kama ile, hata kwa ziwa.

Mwaka 1964 waasi walipokaribia Uvira, wakubwa walikuwa wa kwanza kukimbia. Norbert alishapanda gari, magodoro yamefungwa juu. Félicité akasimama mbele ya gari, minye mgongoni, akamuuliza neno moja. Watu waliokuwa wakikimbia na vyungu vyao wakasimama kusikiliza. Dereva akazima mota. Norbert akatazama ziwa, akamwashiria dereva awashe. Kisha gari likatuzunguka.

Tulikimbilia Makobola. Huko homa ikamchukua Félicité, akafa, na hakukuwa na daktari. Madaktari nao walipanda magari.

Waasi wameondoka. Wakubwa wengine wamekuja, biro imepakwa rangi. Ninaingia na magongo yangu, na kila anayekalia kiti kile namuuliza neno lilelile Félicité aliloliuliza mbele ya gari:

"Mukubwa, ile kondoo ilikuwa ya ziwa. Ya mguu iko wapi?"