Kibao cha Makochi

Baba yangu, Azzan, anauza samani Dunda, na hapatani kabisa na Kiingereza. Mteja akimwita bosi, bei inapanda. Miezi miwili iliyopita alikitazama kibao cha duka lake, akaona kimeandikwa SOFA, akakasirika kana kwamba kaibiwa. Akamwita fundi rangi, neno likafutwa, pakaandikwa kwa kijani: MAKOCHI.

"Sasa duka limerudi kwetu," alisema. Nikampongeza.

Kwa hiyo nilipompenda mwalimu wa Kiingereza wa Lugoba, nilijua nimejitafutia balaa. Mwinshehe alipokuja kuposa pamoja na mshenga wake, mzee Husseni, nilikuwa nimeshamwapisha: atoe salamu, anywe kahawa, afunge mdomo. Wa kusema ni mshenga.

Nikajibanza nyuma ya pazia. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Baba alipomgeukia mposaji mwenyewe.

"Nasikia wafundisha Kiingereza."

"Naam, mzee."

"Kibao changu umekiona? Neno lao nimeling'oa."

Mzee Husseni akakohoa kumwonya. Mwinshehe, Mungu amsamehe, akafungua mdomo.

"Uniwie radhi, mzee. Sofa asili yake ni Kiarabu, suffa, yaani baraza la kukalia. Waturuki walilichukua, likapita kwa Wazungu wengine, ndipo likawafikia Waingereza. Kochi ndilo tulilolitoa kwao."

Nilisikia kikombe kikitua kwenye sinia. Nikaanza kuiaga ndoa yangu.

"Ruwaida," Baba akaita. "Hebu njoo."

Nikatoka, nikijifunga mtandio upya ingawa haukufunguka.

"Wewe umesoma mpaka chuo. Hili ulilijua?"

Ningeweza kukataa. Lakini Mwinshehe alikuwa ananitazama.

"Nililijua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu rangi haijakauka."

"Na ukanipongeza."

Nilimwogopa, basi, na kunyamaza kulikuwa rahisi.

Baba akamgeukia mshenga. "Mzee Husseni, posa nimeipokea. Nyumba hii inahitaji mtu wa kuniambia nikikosea."

Kisha akamwambia Mwinshehe, kwa upole kabisa, "Ila mwanangu, umjue unayemwoa. Huyu atakuona unapotea njia, na atakupigia makofi."

Wanaume wote watatu wakacheka. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata, na uso nikashindwa kuuinua.