Kinyozi na Jiwe la Shabu

Kinyozi wa mtaa ule aliitwa Redio, kwa kuwa mdomo wake ulifunguka pamoja na mlango wa kinyozini na kufungwa pamoja nao. Wateja waliolala kwenye kiti chake ili wanyolewe ndevu walifumba macho, kila mmoja wao. Redio aliamini kwamba wamelewa utamu wa hadithi zake.

Asubuhi moja, alipokuwa akipiga mswaki, alitema mate yenye damu. Hakushtuka. Mteja akikatwa kidevu, yeye hulowesha jiwe jeupe la shabu, hulibandika penye jeraha, na damu husimama. Basi akajisugua jiwe lile kwenye fizi. Uso ulimkunjamana kama soksi iliyokaukia juani, lakini damu ilikoma. Kisha akakata shauri kwamba, kwa kuwa mswaki ndio uliomkata, mswaki na ukae kando.

"Nimejitibu mwenyewe," alimwambia mkewe.

"Hongera, Baba Watoto. Sasa mbona ukizungumza inanibidi nigeukie ukutani?"

Miezi ilipita. Fizi zilivimba, zikawa nyekundu, zikaanza kuachana na meno. Siku moja Redio aliuma mkate, na jino la mbele likacheza. Alilisukuma kwa ulimi. Likaenda na kurudi kama mlango uliolegea bawaba. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu ya kweli. Jino lile likitoka, hadithi zake zote zitageuka miluzi.

"Kesho unakwenda kwa daktari wa meno," mkewe alisema. "Usipokwenda, nitakueleza ni kwa nini wateja wako hufumba macho."

"Hufumba kwa raha!"

Mkewe alicheka hata akashika mbavu.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake. Alimlaza Redio kwenye kiti, akampanua kinywa, na kwa robo saa nzima Redio hakuweza kusema lolote ila "aaa". Hatimaye daktari aliweka vifaa kando.

"Baba, mashine yako ya kunyolea unaipiga brashi mara ngapi?"

"Kila nikimaliza kichwa, binti yangu. Nywele na mafuta vikigandamana, inang'ata watu."

"Na kinywa chako?"

Safari hii kinywa kilikuwa huru, lakini Redio alikifunika kwa kiganja.

Daktari alimweleza taratibu kwamba ukoga, ule uchafu unaonata kwenye meno, usiposafishwa huganda chini ya fizi na kuwa mgumu kama saruji. Fizi huvimba, na mfupa ulioshika jino hulika kidogokidogo. "Damu yako haikuletwa na mswaki, Baba. Fizi zilikuwa zinalalamika, nawe ukazinyamazisha kwa jiwe."

"Jino langu litang'oka?"

"Mfupa uliokwisha kulika haurudi. Lakini nikikwangua ukoga huu, nawe ukatunza kinywa, jino linaweza kubaki mahali pake."

Alimchoma sindano ya ganzi, akaukwangua siku ile na wiki iliyofuata. Kisha akampa masharti: mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dakika mbili, ukipita polepole pale jino linapokutana na fizi, na uzi wa meno kila siku. "Siku za kwanza utaona damu. Usikimbie."

Redio aliiona, na mkono wake ukaenda wenyewe kutafuta jiwe. Mkewe alikuwa amekwisha kulifungia sandukuni. Wiki ya pili damu ilipungua, baadaye ikakoma. Baada ya miezi mitatu daktari alilisukuma jino kwa kidole. Lilitikisika kidogo tu, likabaki na mwenyewe.

Kesho yake seremala, mteja wake wa miaka mingi, alilala kwenye kiti. Redio aliinama na kuanza kusimulia. Katikati ya hadithi aliona kwamba macho ya seremala yako wazi.

"Vipi, Fundi? Leo hadithi haina utamu?"

"Hadithi ni ileile ya mwaka juzi," seremala alijibu, akikodoa macho juu. "Ila, ndugu yangu, ubao wa dari yako umeoza hivi tangu lini? Miaka yote nalala hapa, sijapata kuuona!"

Wembe ulisimama hewani. Redio alikumbuka kicheko cha mkewe, akaelewa. Kisha akamwinamia seremala karibu zaidi, kwa makusudi, pua kwa pua, akamhemea usoni.

"Na sasa je?"

Seremala alikaza macho. "Sasa naona na wa pili."