Ekari Mbili za Kando ya Reli

Nilipomwambia Delmar nataka tuue nyasi zote za uwanja wa nyuma tupande maua ya mbugani, alivua kofia yake ya kampuni ya mbegu, akaitazama ndani, akaivaa tena.

“Maua gani hayo?”

“Yaliyokuwa hapa kabla babu yako hajaja na jembe.”

“Ardis, hayo si maua, ni magugu. Nimeyang'oa kwenye soya tangu nina miaka saba. Leo nina sabini na sita, unataka tuyanunue?”

“Si wewe utakayeyanunua. Ni mimi.”

“Haya, bibie,” akasema, akarudi kwenye gazeti lake. Huyo ndiye mume wangu. Akishindwa anasema haya bibie, akishinda anasema vilevile.

Tulihamia mjini Oktoba iliyopita, baada ya magoti yake kuikataa ngazi ya trekta na mpwa wetu kuchukua shamba. Nyumba ni ndogo, uwanja una mteremko kidogo, na nyasi zilikuwa zimenyolewa fupi kama kichwa cha askari. Sisi watu wa jimbo la Iowa tunapenda nyasi fupi kuliko tunavyopenda majirani. Mimi sikuzitaka. Kulikuwa na kitu kimoja tu nilichokitaka pale, na Delmar sikumwambia.

Ninyi nitawaambia. Nilipoolewa, mwaka sabini na mbili, sikujua lolote la shamba. Baba yangu alikuwa kinyozi. Mama mkwe alinitazama siku ya kwanza, akaona siwezi hata kumkamata kuku, na tangu hapo akawa anazungumza nami kwa kukohoa. Mchana nilikuwa napeleka kahawa na mikate shambani, na nikimsubiri Delmar amalize mstari wake, nilikaa kwenye ekari mbili za kando ya reli ambazo hakuna aliyewahi kuzilima. Nyasi zilinipita kimo. Kulikuwa na maua nisiyoyajua majina, na nyuki, na ndege waliotaga chini. Hapo nililia karibu mwaka wangu wote wa kwanza, na hapohapo nikaacha kulia. Nilipapenda mahali pale kuliko nyumba niliyopewa.

Mei ya mwaka sabini na nne nilikwenda wiki mbili kwa dada yangu aliyekuwa amejifungua. Bei ya soya ilikuwa juu, kila mtu alilima mpaka kwenye uzio. Niliporudi, ekari zile zilikuwa udongo mweusi mtupu hadi relini. Nilimenya viazi, nikapika, nikampakulia Delmar. Hakusema neno, nami sikusema. Tukalea watoto watatu, tukazika wazazi, tukaenda kanisani kila Jumapili, na neno lile halikusemwa. Msidhani nilisahau. Moyo wangu unahifadhi vitu kama friza.

Kwa hiyo nyasi za uwanja zilipokwisha kufa tulikwenda kitaluni, na kule nilichagua kwa kumbukumbu. Marlys, mwenye kitalu, alikuwa na orodha ya miche mizuri kwa wanaoanza, nikamwambia orodha aiweke. Nikachukua yale ya rangi ya machungwa ambayo vipepeo hawabanduki, kumi na mawili. Nikachukua ya zambarau yanayoning'iniza petali zake kama sketi iliyolowa, irisi za buluu, maua ya mahali penye majimaji, meupe yanayosimama wima kama yamekasirika, na zile nyasi zinazogeuka nyekundu baridi ikianza. Delmar alisukuma toroli nyuma yangu. Nilidhani anawaza atakavyochoka kumwagilia.

“Vipangeni vikopo juu ya udongo kwanza,” Marlys alituambia. “Mizizi ya maua haya inashuka chini kuliko kina cha kaburi. Mkishapanda, ndiyo basi, hayahamishiki.”

Siku ya kwanza nilitoka na kahawa nikakuta Delmar amefunga kamba kutoka nguzo ya kuanikia nguo mpaka upande wa pili, na vikopo vya miche vimekaa mistari sita, inchi thelathini kati ya mstari na mstari.

“Delmar, hebu niambie, unatarajia kuvuna lini?”

“Mistari inarahisisha palizi.”

“Toa kamba.”

“Haya, bibie.”

Nikapanga mwenyewe. Kijitabu cha Marlys kilisema virefu nyuma, vifupi mbele. Nilipanga nikapangua siku tatu, na kila mara kilichotokea kilikuwa dirisha la duka la maua. Kilipendeza, ila hapakuwa pale pa kando ya reli. Sura ya kila ua nilikuwa nayo kichwani, lakini lipi lilikaa wapi sikukumbuka hata moja. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili ninayelia. Nani anachora ramani huku analia? Nikajiambia yaishe, Alhamisi nikitoka kanisani nitachimbia hivyohivyo.

Alhamisi akina mama tunashona mablanketi ya viraka kanisani. Nilirudi mchana, nikazunguka nyuma ya nyumba na glavu mkononi, nikakuta vikopo vyote vimehamishwa. Delmar alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja, magoti yaleyale mabovu, ameshika kikopo kimoja.

Nikatupa glavu chini.

“Hata hapa, Delmar? Nikitoa mguu tu unageuza? Mara ile nilikwenda kwa dada yangu, leo nimekwenda kanisani. Ukiona nimetoka ndipo mikono inakuwasha?”

Basi neno likawa limetoka, baada ya miaka arobaini na minane, mbele ya nguo za jirani zilizoanikwa. Delmar hakujifanya haelewi. Aliweka kikopo chini taratibu.

“Tazama kwanza,” akasema. “Halafu unigombeze.”

“Nitazame nini?”

“Ile nguzo ya nguo, sema ndiyo reli.”

Nikatazama. Irisi zilikuwa kwenye pembe ambako bomba la paa linamwaga maji, kwa sababu upande ule wa reli kulikuwa na kinamasi. Nyasi ndefu zilikuwa upande wa machweo, zinakinga upepo. Meupe matatu yalisimama juu ya mteremko, kila moja mbali na mwenzake. Ya zambarau yalishuka kutoka hapo kwa kutawanyika, na mimi nikayajua, nikajua hata mahali kivuli chake kilipoangukia. Ya machungwa yalikuwa yamejazana yote kumi na mawili ukingoni, na katikati yake palikuwa na nafasi tupu.

“Pale umesahau kuweka,” nikasema.

“Sikusahau. Pale ulikuwa unakaa.”

Nikaitazama ile nafasi.

“Siku ile nililima kutoka relini kuja huku,” akasema. “Nilipofika pale nyasi zilikuwa bado zimelala, umbo lako. Nikazima trekta. Baba akanipungia mkono kutoka barabarani, kwamba vipi, mbona nimesimama.”

“Usimsingizie baba yako.”

“Simsingizii. Mkono uliowasha trekta ulikuwa wangu.” Alifuta udongo kwenye suruali. “Mizizi ilikuwa inakatika chini ya jembe kwa sauti, Ardis. Pwa, pwa, pwa. Naisikia mpaka leo.”

“Na mbona hukusema?”

“Uliniwekea viazi, ukanyamaza. Nikaogopa nikisema utafungasha uende kwa baba yako. Nikasema mwakani. Kila mwaka nikasema mwakani.” Akanitazama. “Nisamehe.”

Jibu la neno hilo nilikuwa nimeliandaa tangu mwaka sabini na nne. Lilikuwa kali, nililipigia pasi mara nyingi nikiosha vyombo. Nililitafuta pale nisilione. Nikapiga magoti kando yake, nikamshika ule mkono, nikamwambia nimemsamehe, na ilikuwa kweli. Nikalia kwa kelele, jambo ambalo katika ukoo wake halifanywi. Delmar alinikumbatia kwa mkono mmoja, huku wa pili ameuegemeza chini asianguke.

Nilipotulia nikaitazama tena ile nafasi kati ya maua ya machungwa.

“Hapatoshi,” nikamwambia.

“Palikuwa hivyohivyo. Nimepima kwa macho.”

“Palikuwa hivyo kwa mtu mmoja. Wewe utakaa wapi?”

Delmar akajivuta kwa magoti, akasogeza vikopo viwili upande wa kulia, akapima, akasogeza na cha tatu.