Injini Iliyozama Yaongoza Usaili

Usiku wa jana niliota, jamani, na nawaambia kabla hata sijapiga mswaki, maana nikichelewa nitaanza kuipamba.

Niko kwenye usaili. Mimi si msailiwa, niko kwenye jopo. Wasailiwa ni sona.

Kwa wasiojua, sona ni kifaa cha kutafutia vitu vilivyozama. Kinavutwa nyuma ya boti kwa waya, kama samaki, kinapiga sauti kushoto na kulia, halafu kwenye skrini inatokea picha ya sakafu ya ziwa. Kikundi chetu cha uokoaji hapa Kayenze kinanunua kimoja, cha bei tunayoiweza, ili tuitafute injini ya boti ya wagonjwa. Ilichomoka ikazama. Wiki ya tatu sasa kina mama wa kisiwani wanaletwa kujifungua kwa makasia.

Na kazi ya kuchagua sona kapewa nani? Ng'wasi. Ng'wasi huyu huyu niliyesoma naye chuo, tukalala chumba kimoja, akanakili madaftari yangu mpaka michoro niliyokosea. Kapteni Masalu, kiongozi wetu, alisema mbele ya watu wote, "Hili tumwachie mtaalamu," akamtazama yeye. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Macho yake yalinipita kama upepo.

Juzi hiyo. Jana jioni Ng'wasi akaniletea karatasi yake niipitie kabla ya kutuma oda, leo saa tatu asubuhi. Nikaona kosa palepale: sona aliyoichagua ina waya wa mita ishirini. Pale injini ilipozama kina ni mita arobaini.

Nikamrudishia karatasi. Nikamwambia, "Iko safi sana, shoga."

Basi nikalala, nikawa kwenye jopo.

Mwenyekiti ni injini mwenyewe. Amekaa kitini anachuruzika maji, ana konokono kwenye propela.

"Anayetafutwa ni mimi," anasema, "kwa hiyo wa kunitafuta nitamchagua mimi. Kuna pingamizi?"

Hakuna. Katibu anaandika.

Ubaoni kuna kanuni moja tu: SONA ANATAZAMA KANDO, HAONI CHINI YAKE. Ni kweli, sona wa namna hii hawaoni kilicho chini ya tumbo lao. Sasa na sisi wajumbe shingo zetu zimegoma kuinama, zinageuka kando tu. Nageuka kushoto, namwona Ng'wasi kwenye kiti cha kuzunguka. Nageuka kulia niepukane naye, namwona Ng'wasi mwingine, kiti chake kina mto na feni. Katikati mimi.

"Mjumbe wa katikati, umekalia nini?" mwenyekiti ananiuliza.

"Sijui mwenyekiti. Sioni chini yangu."

"Sisi tunaona. Umekalia karatasi ya watu."

"Tuendelee," nasema.

Sona wa kwanza anaingia, mrefu, anang'aa, nyuma yake kuna msaidizi amembebea skrini. Anasema, "Nikilowa nalipwa posho ya mazingira magumu."

"Toka," anasema injini.

Wa pili ni kijana mtanashati, bei nafuu, amepakwa mafuta. Anampa mkono Ng'wasi wa kushoto, "Shikamoo mtaalamu." Anampa mkono Ng'wasi wa kulia, "Shikamoo mtaalamu." Mimi ananiambia, "Dada, hapa chai inaletwa saa ngapi?"

Nimemchukia hadi leo.

"Unaona umbali gani?" injini anamuuliza.

"Mita mia kila upande."

"Na waya?"

"Tangazo halikuuliza waya."

Ng'wasi wote wawili wanapiga makofi. Roho inaniuma kwa sababu makofi yao yanapishana vizuri, kama ngoma.

Wa tatu ni mtumba. Ana mikwaruzo mwili mzima, bahasha yake ya kaki imechanika, na waya wake amejizungushia kiunoni kama mbeleko. "Picha zangu hazina rangi za kupendeza," anasema, "naomba radhi. Waya ni mita mia na ishirini."

Nilijua ndiye. Waya ukivutwa hausimami wima, unalala nyuma ya boti, kwa hiyo unahitaji mara tatu ya kina. Nilijua hesabu yote. Nikajikuna sikio.

"Mjumbe wa katikati, una la kusema?"

"Sina, mwenyekiti."

Tuko chini ya ziwa. Hakuna aliyesema tunahama. Katibu anaendelea kuandika, kalamu inatoa mapovu.

"Tumjaribu aliyependwa," anasema injini.

Mtanashati anashushwa kutoka juu. Anafika nusu ya njia, waya unakaza, anabaki ananing'inia juu ya vichwa vyetu.

"Naona! Naona!" anapiga kelele.

"Unaona nini?"

"Maji!"

"Mengi?"

"Mengi mno, shikamoo!"

Juu yake zaidi unapita mtumbwi, tunaona tumbo lake tu. Sauti ya mwanamke inashuka, "Bado mbali?" Mwanaume anazidi kupiga kasia. Mwanamke anauliza tena. Injini anafunika uso kwa propela.

Mtumba anakohoa. "Mimi sijaambiwa nipige picha," anasema, "lakini nimepiga."

Anaikunjua. Kwenye picha za sona kitu hakijulikani kwa umbo lake, kinajulikana kwa kivuli chake cheusi. Kivuli cha injini ni injini. Ng'wasi sasa ni mmoja tu, na kivuli chake kinanyoosha mkono, kinampa mtu karatasi. Mtu huyo ni mimi. Kivuli changu kimeziba mdomo kwa mkono.

Haraka nikaushusha mkono wangu. Kwenye picha haukushuka.

"Huyu ana nini?" injini anauliza.

"Wivu," anajibu mtumba.

"Kina?"

"Bado napima, mwenyekiti. Waya umebaki kidogo."

Nikaamka. Alfajiri. Nikampigia Ng'wasi, akapokea mara moja.

"Waya wa sona yako ni mfupi," nikamwambia. "Mita ishirini haifiki popote. Niliona jana."

"Uliona jana?"

"Ndiyo."

"Ukaniambia iko safi."

"Nilikuwa na wivu, Ng'wasi. Nilitaka uumbuke mbele ya Kapteni."

Nikasikia anavuta pumzi kama anayetoka kuogelea.

"Mbwa wewe," akasema. "Mbwa kabisa. Sisahau hii."

"Usisahau."

"Na ile ya mtumba nimeikata kwenye orodha kwa sababu ya mikwaruzo tu. Jamani mimi!" Nikasikia karatasi zinafunuliwa. "Naiweka hiyo. Saa tatu uje tutume wote wawili, na wewe ndiye utamweleza Kapteni habari za waya."

"Nije kweli?"

"Unasema nini? Limi, toa mkono mdomoni, sikusikii."

Nikautoa. Ulikuwa umelowa, unanuka petroli.