Damu Iliyovaa Kofia

Kitu cha kwanza Nieves alichokigundua ni kwamba mama yake alikuwa anatukana kwa mafungu. Mama Casimira, ambaye sokoni aliweza kumsema mteja mbahili, ukoo wake na punda wake kwa pumzi moja, asubuhi ile alimwita jogoo wa jirani mwizi, akanyamaza, akameza hewa, ndipo akammalizia.

Nieves, kwa sauti yake ile ndogo, akasema waende kwa daktari. Mama akamjibu kwamba daktari alishamruhusu, na karatasi ipo.

Karatasi ilikuwepo kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Siku chache nyuma, homa ya mapafu ilipouvamia mji, daktari Zenteno alisimamisha hema nje ya zahanati, akawa anampima damu kila mwenye kikohozi. Alieleza mpaka akachoka: vikohozi vya watu wawili vinaweza kufanana, ila yule ambaye mwili wake umeanza kuwaka ndani, damu yake husema mapema, kabla pumzi haijakata. Kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupima hewa iliyomo mwilini, hakikumtosha, maana huku juu milimani hewa ni nyepesi, na vidole vya wote husoma chini, wazima kwa wagonjwa.

Mama Casimira alikataa katakata. Damu ikishatoka haizaliwi tena, nani asiyejua hilo? "Damu si maziwa ya kondoo, ukamue leo na kesho yapo," alisema. Kisha akamvika binti yake kofia yake nyeusi, shali na sketi zake zote, barakoa ikaficha kilichobaki, akamsukumia kwenye foleni. Nieves hakuwahi kumkatalia mama yake jambo. Akatoa mkono. Jibu likarudi safi: hakuna moto, kapumzike nyumbani. Mama akatembea na karatasi ile kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa ilibidi Nieves amkokote, huku mama akilalamika njia nzima kuhusu viazi alivyovianika kwenye jalidi vigande, nani atavikanyaga maji yatoke. Zahanatini, gari la wagonjwa la kwenda hospitali ya Potosí lilikuwa limeshawashwa, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Daktari Zenteno, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alibana kidole cha mama, akasoma, akaitazama karatasi. Kidole kiko chini, alisema, lakini hapa cha nani kiko juu? Damu ni tulivu. Nafasi atapewa ambaye damu yake inawaka, labda mama akubali kupimwa tena.

"Tena? Daktari, wewe ulisomea udaktari au..." Mama akavuta hewa. "Au ukupe?"

Daktari akashusha mabega. Alisema amechoka kubembeleza watu wazima kama watoto wa kunyonya, akageuka kumpungia dereva aondoke.

Mama alikuwa ameishusha barakoa apate kupumua. Midomo yake ilikuwa na rangi ya viazi vya zambarau.

"Mwambie, mwanangu," akasema, akimkazia macho. "Mwambie damu yangu... ni safi."

"Hapana, mama," Nieves akasema, na neno lenyewe lilikuwa geni mdomoni mwake. "Daktari, simamisha gari. Damu ile ni yangu. Yake hamjaiona."