Mwanza ni Mbali

Ndege ilipoanza kuinama, Theopista alimshika mkono msichana aliyekaa kando yake.

“Mwanangu, kuna kitu kimeharibika?”

“Hapana, mama. Tunatua Mwanza.”

“Mwanza hii hii?”

“Ndiyo. Kutoka KIA, uwanja tuliopandia, ni saa moja na kidogo tu.”

Rozari ya Theopista ilikuwa bado nusu. Kikapuni alikuwa na hotipoti ya ndizi na maharage ya kutosha milo miwili, maana alijiandaa kwa safari, na safari yenyewe ndiyo hii, imekwisha kabla hajaona njaa.

Kila Desemba, watoto wa wenzake waliporudi nyumbani mlimani na familia zao na mbuzi wakachinjwa kila boma, wanawake aliouza nao ndizi soko la Kiboriloni walimuuliza: na Rogath wako je? Naye alimtetea kwa neno alilopewa na Rogath mwenyewe kwenye simu. Mwanza ni mbali, jamani. Aliwajibu hivyo sokoni, akawajibu hivyo kwenye sala za jumuiya, na alilisema kwa moyo mweupe kabisa. Ni mumewe tu, mzee Sylvanus, aliyekataa kulimeza. “Mtoto hanitaki,” alisema, akageukia ukutani.

Sasa Sylvanus alikuwa kitandani, madaktari wamemrudisha nyumbani, na alitaka jambo moja: mzaliwa wake wa kwanza apige magoti mbele yake ambariki kabla hajafumba macho. Ndipo Hilda, binti yao, akamkatia mama tiketi akamlete kaka yake.

Rogath alimpokea nje ya jengo la uwanja. Amenenepa, ameanza mvi.

“Shikamoo mama. Pole na safari.”

“Marahaba. Baba yako hafiki Desemba, Rogath. Kesho turudi wote.”

“Kazi imenibana, mama. Na umbali wenyewe unaujua.”

“Sasa naujua,” alisema Theopista. Miaka yote ile amesimama sokoni akiwaongopea watu kwa ajili ya huyu bila kujua! “Nieleze. Baba yako alikukosea nini?”

Rogath alizungusha funguo za gari kidoleni.

“Hajanikosea. Mwaka wa kwanza sikuja tu, nilikuwa sina kitu mfukoni. Wa pili nikaona aibu. Halafu kila mwaka aibu ikawa kubwa kuliko mwaka uliopita. Nitamtazamaje?”

Simu ya Theopista ikaita. Alikuwa Sylvanus, na sauti yake ilikuwa nyembamba mno.

“Mama Rogath, umefika wapi?”

Theopista aliwatazama watu wakiburuta mabegi yao. Akamtazama mwanawe. Angeweza kusema ukweli, na mdomo ulishafunguka kuusema.

“Bado niko njiani, Baba Rogath,” alisema. “Kumbe ni mbali kweli.”

Upande wa pili ilisikika pumzi tu, ikienda na kurudi.

“Basi nimemwonea mtoto,” alisema Sylvanus. “Miaka yote hii nimemwonea. Ukifika umwambie.”

Rogath alikuwa ameinama karibu na simu, na alisikia yote. Theopista alitoa simu sikioni, akamnyooshea mwanawe. Mkono wa Rogath uliinuka, ukasita hewani kati yao.

“Haloo?” mzee aliita. “Haloo, Mama Rogath? Bado upo?”