Kiapo cha Majina Mawili

Naima Seleman alikuwa na duka la kutoa kopi pale Mkonze, hatua chache kutoka ofisi ya mtendaji wa kata, na watu walimwita wakili ingawa hajawahi kusoma sheria hata siku moja. Mali yake ilikuwa kompyuta, mashine ya kopi iliyokohoa kila ikimeza karatasi, kibati cha wino wa dole gumba, na benchi nje kwa wanaosubiri. Lakini ukitaka fomu yako isirudishwe, ulikwenda kwa Naima. Baba yake alikuwa askari; alifariki na risasi ya zamani mgongoni na barua ya kuomba matibabu iliyorudishwa mara tatu kwa makosa ya kujaza. Tangu siku ya kumzika, Naima aliapa kwamba hakuna askari mstaafu atakayepita mbele yake akakwama kwa kosa kama hilo. Hadi mwaka huu alikuwa amewavusha kumi na saba, na hao kumi na saba ndio waliomtia kiburi.

"Mimi siulizi mambo ya watu," alipenda kusema. "Mimi najaza." Wateja walimpenda kwa hilo, maana nani hana jambo asilotaka kuulizwa? Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa na foleni mlangoni.

Mzee Mbwana Mgeni alifika Septemba, siku ya Jumanne, vumbi likiwa limejaa mji mzima. Harufu ya mguu wake ilitangulia kuingia. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia ya kiua imemkaa vizuri kichwani, na mkewe Bi Mwantum alimshika kiwiko kama mtu anayeshika mtungi uliopata ufa. Naima aliwaamkia shikamoo wote wawili, akamtoa kijana mmoja kwenye kiti, akasukuma dirisha likafunguka zaidi.

Walikuwa wametoka Haneti. Paja la mzee lilikuwa na kipande cha bomu tangu vita vya Kagera, na kwa miaka arobaini na zaidi chuma kile kililala kimya, kikimuuma tu nyakati za baridi. Mwaka huu kilikuwa kimeamka. Daktari wa mjini aliwaambia bila kuzunguka kwamba chuma kitolewe kabla ya mvua, la sivyo sumu itaingia kwenye damu, na ikiingia hakuna wa kuizuia. Upasuaji ulikuwepo, na kitanda kilikuwepo, kwa askari ambaye jeraha lake limetambuliwa kuwa la vitani. Akitambuliwa, angepata pia haki ya ulemavu. Kwa hiyo maisha ya mzee yalikuwa yamebaki juu ya fomu moja yenye kurasa nne.

Naima alifungua bahasha yao. Hati ya kumaliza jeshi ilisema Rahimu Mgeni, mzaliwa wa Haneti, mwaka 1957. Kitambulisho cha NIDA kilisema Mbwana Mgeni. Hakushtuka hata kidogo. Katika nyanda zile mtu anaweza kuwa na jina la shule, la dini, la babu, na lile ambalo karani fulani aliliandika kwa kusinzia. Dawa yake inajulikana, nayo ni kiapo cha majina. Naima alikuwa nacho tayari kwenye kompyuta, kazi ni kubadilisha majina tu: mimi fulani naapa kwamba fulani na fulani ni majina ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Alipoanza kuwasomea, mzee alishusha macho akatazama mikono yake. Bi Mwantum alivuta mtandio, akamwinamia mumewe, akasema neno moja kwa Kirangi, sauti ya chini kabisa. Alisema, "Mwambie."

Naima alisikia. Mama yake ni wa Kondoa, na Kirangi alikinyonya pamoja na maziwa. Alisikia vizuri kama unavyosikia jina lako likitajwa sokoni. Lakini nje walikuwa watu tisa, umeme ulikuwa unachezacheza tangu asubuhi, na yeye si mtu wa kuuliza mambo ya watu. Macho yakabaki kwenye kioo cha kompyuta, vidole vikaendelea.

Mzee Mbwana hakumwambia kitu. Aliuliza tu, "Mwanangu, hii ikishagongwa muhuri, inafutika?"

"Haifutiki, baba," Naima alijibu akicheka. "Ndiyo uzuri wake."

Dole gumba la mzee lilikuwa kavu, lenye nyufa za jembe, na mara ya kwanza halikuacha alama. Bi Mwantum alilichukua akalipangusa kwa ncha ya mtandio wake, akalirudisha kwenye wino yeye mwenyewe. Mara ya pili likatoka wazi. Wakili Castory, mwenye chumba mlango wa tatu, aligonga muhuri huku akiongea na simu, na kabla ya adhuhuri faili lilikuwa limeshafika mjini. Naima alijipongeza. Huyu angekuwa wa kumi na nane.

Wazee wakapanga chumba hapohapo Mkonze wasubiri. Kila asubuhi Naima alipita kuwasalimu, na kila asubuhi alikuta kanga iliyofungwa pajani imelowa juu zaidi ya jana. Alianza kuogopa kupita pale, na hofu hiyo ilimuudhi, kwa sababu kazi alikuwa ameifanya sawasawa. Wiki ya tatu akapigiwa simu aende ofisi ya askari wastaafu mjini. Wanaozijua ofisi watakwambia kwamba jibu linalokuja haraka huwa halina heri. Naima alizijua, na njiani alikuwa akimwomba Mungu safari hii yeye mwenyewe awe amekosea.

Ofisa aliyempokea aliitwa Debora, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimpa kiti na kumwambia pole kwa msiba. Naima akauliza msiba gani. Debora akafunua faili. Chini kabisa kulikuwa na cheti cha darasa la saba, cha njano, kilichoingia jeshini mwaka 1977 pamoja na mwenye nacho: Rahimu Mgeni. Juu yake kulikuwa na karatasi mpya, usajili wa kifo. Rahimu Mgeni wa Haneti, aliyezaliwa mwaka uleule kwa baba yuleyule, alifariki miaka mitano iliyopita, na binti yake ndiye aliyekwenda kumwandikisha.

Naima alisema hapana, yuko hai, yuko Mkonze, asubuhi hii wamesalimiana. Debora hakubishana naye. Alitoa kiapo, akakigeuza ili Naima akisome mwenyewe.

"Umetuletea wewe, dada. Mbwana na Rahimu ni mtu mmoja. Rahimu amefariki. Sasa huyo aliyeko Mkonze tumwite nani?"

Akaeleza yaliyobaki kwa upole uleule, na upole wake ndio ulioumiza. Hospitali ilikuwa imeshaarifiwa. Kitanda kimesitishwa hadi mgonjwa athibitishwe. Kiapo kile kingeweza kutenguliwa kwa kiapo kingine, cha kukiri kwamba cha kwanza kilikuwa cha uongo. Lakini atakayekiri hivyo atakuwa amekiri pia kwamba aliingia jeshini kwa cheti cha mtu mwingine, na utumishi wake hautahesabiwa kuwa wake. Au, kama marehemu ameacha mjane, ipo fomu ya mjane ya kudai haki za mumewe. Hiyo haichukui muda, Debora alisema, na akampa nakala moja.

Jioni ile, katika chumba chenye harufu ambayo ubani ulikuwa umeshindwa kuifukuza, mzee Mbwana alisimulia yote. Rahimu alikuwa kaka yake. Nyumba yao ilikuwa na cheti kimoja tu cha darasa la saba, cha Rahimu. Mbwana aliacha shule darasa la nne akachunga. Walipokuja watu wa kuandikisha askari, baba yao aliamua kama anayegawa majembe. Mkubwa abaki na mama na mifugo, mdogo aende, na cheti aende nacho. Cheti ni cha nyumba, alisema, hakina mwenyewe. Hakuna aliyeona ubaya. Nyumba ngapi ziligawana cheti kama zilivyogawana koti la sikukuu?

Lakini cheti hakikurudi, kilibaki kwenye faili la jeshi. Rahimu akaishi miaka yake yote kama mtu asiyesoma, akikataliwa ulinzi, akikataliwa udereva, huku jina lake likiwa limekwenda vitani na kurudi na nishani bila yeye. Siku alipokuwa anakata roho alimshika mdogo wake mkono na kumwambia, "Jina langu utanirudishia."

"Nikadhani ni maneno ya homa," mzee alisema.

Naima alilia mbele yao bila aibu. Akasema usiku uleule ataandika ukweli wote, atawaita wazee wa Haneti washuhudie, atakwenda hadi kwa mkubwa wa wakubwa. Mzee alitikisa kichwa.

"Vita vile nilipigana mimi, mwanangu. Nikisema mimi si Rahimu, basi sikuwepo. Na chuma hiki kiliingiaje?"

Kesho yake wakarudi Haneti. Naima aliandika barua nne kwa jina lake mwenyewe, na zote zikajibiwa kwamba maombi yashughulikiwe na mhusika. Alimpigia Bi Mwantum kila siku mbili, wakiongea Kirangi, na kila mara majibu yalikuwa mafupi kuliko yaliyotangulia. Amekula kidogo. Hajala. Anamwita kaka yake. Mwishoni mwa Novemba mawingu yakajikusanya upande wa mashariki yakakaa pale siku tatu bila kushuka. Watu wote wa Mkonze walikuwa wakiiomba mvua, na Naima peke yake alikuwa akiiombea ichelewe. Siku ya nne ikanyesha alfajiri, na simu ikaita mabati yakiwa bado yanapiga kelele. Aliiacha ikaita kwanza, kwa sababu alijua.

Wiki mbili baadaye mwanamke mmoja mzee alikaa kwenye benchi la nje hadi foleni ikaisha. Alipoingia alijitaja: Salwa, mjane wa Rahimu Mgeni. Alisema Mwantum yuko kwenye eda, hawezi kutoka, lakini ndiye aliyemtuma, na ndiye aliyemwambia kwamba hapa ipo fomu. Akaweka mezani cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nane, chenye jina la Rahimu, na usajili wa kifo. Mbwana kabla ya kufa alikuwa ameagiza jina lirudi kwa wenyewe, kwa hiyo ajaziwe Salwa. Mwantum hataki kitu. Cheti chake cha ndoa kina jina la Mbwana, na Mbwana kwenye karatasi za serikali hakuwahi kupigana popote.

Naima alifungua kompyuta. Kila kitu kiliingiana, mjane, cheti, kifo, jina, tarehe. Fomu ile isingerudishwa. Askari wa kumi na nane angehesabiwa, naye alikuwa mtu ambaye hakuwahi kutoka Haneti. Vidole vilikuwa vimeshagusa herufi ya kwanza alipovitoa, akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Kabla sijaandika, mama," alisema, "niambie ukweli wote. Ningemuuliza na mzee siku ile, haya yasingetokea. Sikujua."

Salwa hakuwa na hasira. Alikuwa mtu aliyetumwa kufikisha neno na sasa amefika mahali pa kulifikisha.

"Mwantum amesema wewe unajua Kirangi, na siku ile ulimsikia," alisema.